Kindi na Ukurasa Ulioazimwa China

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimekuja na mzigo.
— Utue!
Mzito huo.
— Tutakupokea!

Haya. Ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Wamalei, palikuwa na ufalme uitwao Serindai. Mdogo, mdogo, mdogo: mto mmoja, minazi arobaini, na Sultani Labi, kobe mzee. Historia yao haikuandikwa popote. Ilikaa vinywani mwa mabibi tu.

Siku moja akaja Belang, chui milia mkubwa, amekwisha kula falme tatu. Pu! Pu! Pu! Ardhi ikatetemeka.

"Ufalme usio na kitabu ni kichaka," akanguruma, "na kila kichaka ni changu. Nionesheni kitabu cha historia yenu, la sivyo naanza kula sasa hivi. Naanza na vitoto."

Sultani Labi akavuta kichwa ndani ya gamba. Ndipo kindi mmoja, Seroja, ambaye wanawe wawili walikuwa tunduni, akateremka mtini. Piri-piri-piri! Ameshika majani makavu ya mti wa mvumo, yale ya kuandikia, hayana hata nukta.

"Kitabu hiki hapa, bwana mkubwa. Nikusomee?"

Belang hakujua kusoma, na aliona haya kusema. "Soma!"

Seroja akasoma. "Hapo kale, mto huu haujapata jina, bibi yetu wa kwanza aliteremka kwa kamba ya mvua. Akakuta mlango umesimama peke yake majini. Akabisha. Sauti ikajibu: 'Karibu, nimekungoja.' Bibi akausukuma mlango..."

Akanyamaza.

"Kisha?"

"Ukurasa unaofuata haupo, bwana. Uliazimwa China."

"Nitaufuata! Nikirudi, nawala nyote."

Pu, pu, pu, akaenda. Kufika China, korongo akamwambia, "Ukurasa huo sinao. Lakini keti, nikupe kisa cha mjane aliyefuma nyota." Belang akasikiliza, mdomo wazi. "Kisha?"

"Kisha nenda Uhindi."

Uhindi, tembo akaanza kisa. Masika yakaisha, kisa hakijaisha. Uajemi, ngamia akampa kisa ndani ya kisa ndani ya kisa. Uswahilini, kuku mzee akamkemea: "Hapa huketi bure, baba. Ukisimuliwa, uitikie!" Belang akaitikia. Akacheka, akalia, akasahau kula. Kumbe dunia nzima inasimuliana, tangu na tangu, na yeye siku zote anaguguna mifupa!

Miaka saba ikapita. Akarudi Serindai, mbavu nje.

Seroja akasimama mbele ya tundu lake. "Umeupata?"

"Sikuupata. Haukuwapo, eti?"

"Haukuwapo, bwana."

Belang akaketi chini. Hata mto ulisita.

"Dada Seroja," Belang akasema polepole, "leta majani. Niliyoyasikia yatanipasua nisipoyasema."

Akasimulia. Seroja akaandika, kwara-kwara-kwara, miezi mitatu. Na mabibi wa Serindai wakasogea mmoja mmoja, wakampa Belang visa vya kwao, na chui mkubwa akaketi kati yao, akiitikia kuwashinda wote.

Funzo, wanangu: msiseme uongo. Uongo hauna faida hata kidogo. Mtazameni Seroja: alidanganya mara moja tu, akaambulia wanawe wazima, ufalme mzima, na kitabu kizima. Maskini!

Ngano yangu imechoka miguu, imeketi hapa.
— Tutaibeba mgongoni!