Kwa Nini Wachoraji Huwamba Kabla ya Kuchora

Zamani hizo, wanangu, mchoraji hakupiga miraba. Alishika kipande cha mkaa, akaufuata moyo wake. Aliyependa mnazi aliuchora ukapita mawingu. Aliyemchukia jirani alimchorea nyumba kama banda la kuku. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa vitu vyenyewe vilikuwa pale pale, ukitaka kuviona unafungua dirisha.

Kisha visima vya mji wetu wa Mtangawe vikaingia chumvi. Mihogo ikanyauka, mbuzi wakakonda, na wakubwa wa mji wakakata shauri: tunahama.

Bibi Mwanaate, aliyezaliwa, akaolewa na kufiwa katika nyumba ile ile, hakuomba achukuliwe chochote ila picha ya nyumba hiyo. Mjukuu wake Somoe, fundi wa kuchora, akatandaza shuka jeupe, akachora kutwa nzima. Bibi alipoonyeshwa aliuliza:

“Mjukuu wangu, hili jumba ni la nani? Mlango wangu kila mgeni aliuinamia. Huu hata ngamia anapita.”

“Ndivyo ninavyoupenda, Bibi.”

“Najua. Lakini nitakwenda kufa ugenini nikikumbuka nyumba ya watu wengine?”

Somoe alitoka nje machozi yakimlengalenga. Kitanda cha Bibi kilikuwa kimesimamishwa kwa ubavu njiani, kikingoja kupakiwa. Kamba moja kati ya zile zilizowambwa juu yake, zikapishana kama wavu, ilikuwa imelegea, naye akachutama nyuma yake aikaze. Alipoinua macho aliiona nyumba kupitia zile kamba, imekatikakatika vipande: pembe ya paa katika tundu hili, nusu ya dirisha katika lile. Na mlango, lo! Ulienea katika tundu moja tu.

Akageuza shuka upande wa pili, akalipiga mistari kama kitanda kilivyowambwa. Akarudi nyuma ya kitanda, akaegemeza kidevu juu ya fimbo kichwa kisitikisike, akachora tundu baada ya tundu, kile tu alichokiona.

Bibi alilishika lile shuka kwa mikono miwili. Kidole chake kikatua kwenye kidirisha cha pembeni.

“Hapa mama alikuwa akiniita nikale,” akasema, akalia. Asubuhi akapanda punda bila kugeuka nyuma.

Na tangu siku hiyo fundi hachori kabla ya kupiga miraba, na mafundi wetu huiita kazi hiyo kuwamba. Ndiyo maana ninyi mliozaliwa huku, msioikanyaga Mtangawe hata mara moja, mnajua, kwa kutazama picha za mafundi hao, kivuli cha msikiti wake kiliangukia baraza ya nani.