Propela ya Majura

Mtu mmoja alikuwa na boti katika kisiwa kisicho na hospitali. Jina lake Majura. Boti aliachiwa na baba yake, pamoja na injini na propela yenye mabawa yaliyopinda kidogo. Kila ilipozunguka ilisukuma maji haba, basi mwendo wake ulikuwa wa polepole. Lakini hata boti ikijaa watu na magunia, ilifika.

Majura akaona aibu kupitwa na wenzake. Akanunua propela nyingine, mabawa yake yamepinda sana, ya kusukuma maji mengi kwa mzunguko mmoja. Akaifunga, akaingia botini peke yake, asubuhi, ziwa limetulia. Boti ikaruka. Watu wakasimama ufukweni wakapiga makofi, naye akarudia mara ya pili ili wapige tena. Mpumbavu! Ile ya zamani akaiegemeza kwenye mlango wa banda la kuku.

Mwezi haukupita, dada yake Nyamisi akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Kule mjamzito hapelekwi hospitali na watu wachache. Hiyo ni kumtangazia kifo. Wakapanda mama mzazi, mama mkwe, mashangazi watatu, mawifi wawili, na magodoro, masufuria, mkaa na mkungu wa ndizi. Majura mwenyewe ndiye aliyewapakia. Hakumkataa hata mmoja, maana boti ya baba yake haikuwahi kumkataa mtu.

Injini ikanguruma, ikashindwa kushika kasi. Ilikuwa kama mtu anayepanda mlima kwa hatua ndefu, na mzigo kichwani. Katikati ya ziwa ikatoa moshi, ikazima. Wakapiga maji kwa mbao za kukalia tangu saa nne hadi jua likapinduka. Mabati ya hospitali yalikuwa yameanza kuonekana Nyamisi alipokata roho, na mtoto angali tumboni.

Mama yao hakulia. Alimfunika bintiye kwa khanga, kisha akamgeukia Majura.

“Mwanangu, siku ile ulipoijaribu, ulimpakia nani?”

Inaniuma kulisimulia hili, lakini nimelisimulia kwa ajili yenu.

Ndugu zangu waumini, humu ndani mna watu ambao imani yao inakwenda kasi, nasi tumewapigia makofi. Nawauliza bila kuwaonea haya: mlipoijaribu, mlimpakia nani?