Sweta la Mwezi wa Pili

Kina mama, kaeni. Leo nimechoka, sitasema mengi.

Palikuwa na mama mmoja na binti yake wa miaka kumi na minne. Binti alikuwa na mwili, kama shangazi zake. Kila akipita na ndoo, jirani haachi: "Wee mama, huyu unamlisha pumba?" Mama mtu anacheka. "Muulize baba yake, ndio ukoo wao." Akienda kusalimia wageni, mjomba anajisogeza mkekani: "Mpisheni, lori la mizigo limefika." Watu wanacheka, binti naye anacheka. Si ndivyo tunavyopendana kwetu? Kuna aliyemchukia hapo?

Ikafika siku binti akavaa sweta la shule, asilivue tena. Mwezi wa pili ule, kuku wanahema kivulini, yeye yumo ndani ya sweta anapuliza moto. Akiitwa kula, ameshiba. Siku alipoanguka jikoni, mama akampakia kwenye bodaboda mpaka zahanati.

"Nesi, mwanangu ana homa ya ndani. Baridi haimwachi."

"Vua sweta nikupime," nesi akamwambia binti. Binti akajikumbatia kifua, akatazama chini. Nesi akamgeukia mama. "Mama, tupishe kidogo."

Mama akakaa kwenye benchi nje, akimwomba Mungu isiwe taifodi. Alipoitwa akasukuma mlango, akamkuta mwanawe na kigauni chake, mikono wazi, sweta mapajani, anakunywa uji wa nesi na kupiga soga. Macho yao yalipokutana, binti akaweka kikombe chini, akaanza kuingiza mkono kwenye sweta.

"Hana homa," nesi akasema. "Ana njaa. Na hiyo baridi, mama yangu, imeingia na wewe."

"Mimi? Mbona mimi namtania tu."

Binti akajibu huku anafunga vifungo. "Najua, mama. Ndiyo maana huwa nacheka."

Sasa sisi. Sisi tunaotoka hapa tumesali, tukifika nyumbani tunamsalimia mtoto makalio yake, weusi wake, kifua ambacho hakijaota. Mungu alipomuumba alituita tumkagulie kazi? Maneno haya niliyasikia kwa bibi yangu, nikayasikia kwa mama, nikayasikia kwa mawifi. Jana nimeyasikia uani kwangu. Mjukuu wa miaka sita anamwambia mdoli wake, "Umenenepa mno, wewe, nani atakuoa?" Hayo hakufundishwa shuleni, jamani. Kayapata kwetu sisi hapa hapa.

Mimi sina nguvu ya kuwapigia kelele. Mkirudi leo, binti atawafungulia mlango. Mwiteni jina lake. Mwulizeni ameshindaje. Ulimi ukiwawasha, ung'ateni. Kisha mpakulieni, mle naye, na macho yenu yasiwe kwenye sahani yake.