Kodi Iliyosamehewa

Paukwa.

Pakawa.

Pana shimo.

La nani?

La Bi Mhanga, na ndani yake amepanga Ngiri. Kaeni vizuri, na wewe wa nyuma uache kutafuna, nataka nisikike.

Hapo zamani za kale, Bi Mhanga, mchimba mashimo mwenye pua ndefu, alikuwa mjane na makucha yamemwisha. Kichuguu alikuwa hakiwezi tena. Alichobaki nacho ni mashimo mawili aliyochimba na marehemu mumewe. Moja alilala mwenyewe, la pili alimpangisha Ngiri kwa nusu kibaba cha mchwa kila siku ya gulio. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake. Kisipokuja, analala na njaa.

Mfalme wa nchi hiyo alikuwa Nyati. Kila aliyepangisha shimo alimtoza kodi, konzi moja ya mchwa. Nyati mwenyewe mchwa hali, lakini wafalme ndivyo walivyo. Bi Mhanga akishatoa konzi hiyo, kibabani hubaki vumbi.

Wanyama wanyonge wakaenda kumlilia mfalme, na kwa kweli moyo wake ukalainika. Akasema, "Mwenye kupangisha shimo kwa chini ya kibaba asitozwe kodi." Akamtuma Kunguru apige mbiu.

Kunguru hapendi maneno mengi. Akaruka huku na huko akilia, "Kodi ndogo imesamehewa. Kodi ndogo imesamehewa."

Bi Mhanga akafurahi, akacheza. Ngiri naye, kule shimoni, akafurahi, akacheza. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku ya gulio ikafika.

"Hodi, mwanangu. Nimefuata kodi."

"Shikamoo, mama. Kodi gani tena? Hukusikia mbiu? Imesamehewa."

"Iliyosamehewa ni ile ninayompa mfalme, baba. Hii ni yangu mimi."

"Kodi ni kodi, mama. Kunguru hakutaja jina."

Bi Mhanga akarudi kwake, akalala na njaa.

Gulio la pili, "Hodi." "Imesamehewa." Akarudi, akalamba kibaba kitupu.

Gulio la tatu hakuwahi hata kupiga hodi. Ngiri alisikia hatua tu, akajibu kutoka ndani, "Imesamehewa." Mama wa watu akakaa palepale mlangoni, akalia. Nasema wazi, hapo Ngiri aliniudhi.

Sasa Ngiri huyo alikuwa na siri. Kona ya nyuma ya shimo alimpangisha Nungunungu kwa robo kibaba. Siku hiyohiyo akamgeukia. "Nungunungu, lete kodi."

Nungunungu alikuwa anapanga miiba yake. "Kodi? Imesamehewa."

Ngiri akawaka. Akajaribu kumsukuma nje, akachomwa pua. Akajaribu tena, akachomwa shavu. Mara ya tatu akachomwa mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya wakwe zangu. Akatoka mbio, mkia juu, hadi kwa mfalme. Nungunungu akamfuata, na Bi Mhanga akajikokota nyuma yao.

"Mfalme, huyu anakaa kwangu na hataki kulipa kodi."

"Nimesamehewa," akasema Nungunungu. "Kunguru hakutaja jina."

"Usimsikilize," Ngiri akafoka. "Iliyosamehewa ni kodi ya mfalme. Kodi ya mwenye shimo iko palepale. Hata mtoto wa jana anajua hilo."

Bi Mhanga akainua sikio lake refu.

"Rudia hapo, mwanangu," akasema. "Mie mtu mzima, sikusikia vizuri."



Mfalme alicheka mpaka pembe zikatikisika. Akaamuru Ngiri alipe magulio yote matatu, na Nungunungu awe anapeleka robo yake kwa Bi Mhanga mwenyewe. Nusu na robo, kibaba bado hakijajaa, kwa hiyo mfalme hakugusa hata mchwa mmoja. Jioni ile Bi Mhanga alikula akashiba.

Tangu siku hiyo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, macho yakitazama nje, amwone mama mwenye nyumba akija.

Basi jifunzeni: nafuu aliyopewa mnyonge mwachieni mnyonge. Ukiipindisha iwe yako, kesho mwingine ataipindisha kwako, na pengine ana miiba.

Ngano yangu imeingia shimoni, kinyumenyume. Anayetaka kuifukua na aje na kibaba.