Kadi Moja kwa Kibaraza Kizima

Hapo zamani, wala si zamani za majini na masultani, ni zamani ile ya juzi ambayo kila mtu anajitia ameisahau, homa ya kifua iliingia mji wa Mtegule. Iliingia bila hodi. Mtu akipiga chafya sokoni, soko zima linakimbia, hata mbuzi wa kuuzwa anakimbia na kamba yake.

Mjini hapo palikuwa na kibaraza kimoja kilichobeba riziki za watu watatu. Bi Hadia alikaanga vitumbua. Fundi Makame alishona nguo. Chande alinyoa. Na kibaraza kilikuwa na desturi yake: mteja wa kwanza wa siku ni mfunguzi wa wote. Akifika, anapeana mkono na Bi Hadia, anapeana mkono na Makame, anapeana mkono na Chande, ndipo anunue anachonunua. Na mfunguzi hafukuzwi. Ukimfukuza, umejitia nuksi.

Asubuhi moja, kabla serikali haijasema neno, akaja mfunguzi: Lugome, dereva wa lori, katoka safari ya mbali. Jua halijapanda, naye jasho linamtiririka. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Bi Hadia. Nipe vitumbua vya..." Akakohoa. Kikohozi kilitoka chini sana, kama ndoo inayogongagonga kuta za kisima.

Bi Hadia akainua upawa unaochuruzika mafuta ya moto. "Marahaba, na ukomee hapo hapo! Ukipanda ngazi hii, nakukaanga!"

"Mama, mimi ndiye mfunguzi!"

"Kafungue kwenu!"

Lugome akaondoka akiyumba. Kesho yake akabebwa. Kesho kutwa akazikwa na watu wanne waliojivika mifuko ya nailoni, na hakuna aliyethubutu kusogea amlilie. Makame na Chande wakaitazama mikono yao, mikono ambayo ingeshikwa. Mji ulisema: "Mama yule ana nuksi. Kamfukuza mfunguzi, mfunguzi kafa." Vitumbua vyake vikaanza kulala.

Ndipo ikaja amri: biashara ndogo zote zifungwe. Lakini Duka la Vioo, lile kubwa la barabarani, liachwe wazi kwa kuwa linauza chakula. Kweli, liliuza mchele. Liliuza pia magodoro, makochi na mapazia. Wiki ya pili likaanza kuuza vitumbua vya baridi. Wiki ya tatu likaweka kiti cha kinyozi karibu na mafuta ya kula. Watu walibanana mle ndani wakipumuliana visogoni, na huku kibarazani homa imekaa ngazi ya kwanza, njaa ngazi ya pili, zinatazamana nani atangulie kupanda.

Chande akashindwa kuvumilia. Akaenda ofisini kwa bwana mkubwa aliyetoa amri.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Godoro linaliwa kwa chumvi au kwa pilipili?"

Bwana mkubwa hakucheka. Chande akatiwa karantini siku kumi na nne kwa kosa la kukusanya watu. Na watu wenyewe walikuwa wawili: yeye na bwana mkubwa! Huko alilala kwenye safu ya vitanda. Kila kukicha kitanda kimoja ki kitupu, kila kukicha Chande anajishika kifua. Akarudi amekonda, suruali anaishikilia kwa mkono. Ila swali lake lilibaki ofisini, likawa linawakera. Wakatoa neno: kibaraza kikiwa na bomba lisiloguswa kwa mkono, biashara moja itaruhusiwa. Moja tu.

"Bomba lisiloguswa tutalitoa wapi?" akauliza Bi Hadia.

Makame akaitazama cherehani yake. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaling'oa kanyagio, akalifunga kwenye ndoo: ukikanyaga, maji yanamwagika. Cherehani ikabaki kiwiliwili bila mguu.

Bwana Afya akaja, akakanyaga, maji yakatoka. Akakanyaga tena, kwa raha yake. Akatoa kadi ya ruhusa.

"Jina moja. Akiugua hata mteja mmoja, nakipigilia misumari kibaraza chote. Na msipokubaliana kabla ya adhana ya adhuhuri, kadi naipeleka Duka la Vioo. Wameomba kufungua tawi papa hapa."

"Niandike mimi," akasema Chande. "Nisingeuliza, pasingekuwa na kadi. Nimelala na maiti kwa ajili ya kadi hii!"

"Wewe ulipeleka swali, mimi nimeleta maji," akasema Makame. "Kadi hii imekuja kwa mguu wa cherehani yangu."

"Na utashonea nini, Fundi? Ukilirudisha kanyagio, bomba limekufa, na kadi imekufa!"

"Nitashona kwa mkono. Wewe je, unayeshika mashavu ya watu kutwa? Ukiugua wewe, umetuzika sote!"

Bi Hadia akagonga upawa kwenye karai. "Wanangu, hivyo vidole mnavyonyoosheana, nani aliviokoa? Ningemwacha Lugome apande, leo mngekuwa mnabishana na nani? Niandikeni mimi."

Makame akainamisha kichwa. "Nani atanunua kwako, mama? Watu wakikuona wanavuka barabara."

"Wanaogopa nuksi. Mimi naogopa sufuria yangu. Siku ya nne leo haijapanda jikoni."

Hapo spika ya msikiti ikakoroma. Mwadhini anajaribu kipaza sauti. Bwana Afya akaiweka kalamu juu ya kadi.

Na Chande akakohoa.

"Vumbi!" akapiga kelele. "Wallahi ni vumbi!"

Makame alikwishashuka ngazi mbili bila kujijua. Mkono wa Bi Hadia wenyewe ukaufuata upawa, huku macho yake yakijaa machozi. Chande akawatazama wote wawili, kashika suruali kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine.

"Jina?" akauliza Bwana Afya. Spika ikapulizwa mara ya pili.

Niliowasimulia kabla yenu walirushiana viti, na jibu sikulipata. Nyinyi kaeni mbalimbali mnijibu: mama aliyewaokoa na asiye na mteja, fundi aliyetoa mguu wa cherehani na asiye na cha kushonea, au kinyozi aliyethubutu kuuliza na sasa anakohoa? Je, nani alistahili kadi?