Sultani Hamdun na Spana Isiyomwogopa

Hapo zamani, si zile za majini na mapango bali zile ambazo masultani walikwisha kuchoshwa na farasi, palikuwa na Sultani aitwaye Hamdun, aliyeipenda pikipiki yake kuliko wakeze, na wakeze walimshukuru Mungu kwa hilo. Kila Ijumaa baada ya sala pikipiki ilitolewa uani, naye Sultani akaketi na kahawa yake kutazama nati zikikazwa. Na desturi ya jumba lile ilikuwa kwamba aliyeanza kazi mbele ya Sultani haachi mpaka Sultani mwenyewe aseme, "Basi." Lakini Sultani hakujua nati inatosha wapi. Alisema basi alipomaliza kahawa.

Ikawa askari wanakaza, jasho linawatoka, hata nati zikasagika meno na bolti zikakatika, na kila ilipokatika moja akafungwa fundi. Safari hii alifungwa Mbaruku, akingoja kuvushwa mpaka wa nchi asirudi tena. Mkewe, mwenye mimba kubwa, akamwendea kaka yake Ngwali, maskini asiye na mbele wala nyuma, mali yake ulimi tu.

"Kaka, mtoto huyu atazaliwa hana baba," akalia.

Ngwali, aliyezoea kucheka kila jambo, siku ile hakucheka. Moyo ulimuuma kwelikweli.

Basi wakati huohuo Sultani, kwa kuchoshwa na bolti kukatika, alitangaza kuwa ataka spana ijuayo yenyewe kusema imetosha. Waziri akaleta mfanyabiashara mwenye spana ya mpini wa dhahabu, iliayo ta! nati ikitosha, bei yake kodi ya vijiji vitatu. Sultani alikuwa mkono wa birika, akaisukuma mbali. Akaletewa nyingine ya rahisi, nayo ikalia ta! hata ilipotikiswa hewani. Sultani akaghadhibika, akasema, "Atakayeniletea spana isiyosema uongo, wala isiyoigharimu hazina yangu chochote, ataomba atakalo. Atakayeshindwa atamfuata fundi huko ng'ambo ya mpaka."

Ngwali akaenda kwenye dirisha la gereza. "Shemeji, nati ya gurudumu la nyuma yataka nguvu gani?"

"Tundika pishi mbili za mchele mwisho wa bomba la mikono mitatu," akajibu Mbaruku. "Zaidi ya hapo ni ujinga."

Nyumbani Ngwali akauchukua mchele wote uliokuwamo. Mkewe akasimama mlangoni. "Bwana, ukirudi bila mchele huo, usirudi."

Ijumaa ikafika. Ngwali akaivisha spana bomba refu, akaipachika kwenye nati, akatundika kifuko cha pishi mbili za mchele mwisho wa bomba, kisha akafumbata mikono. Kifuko kikashuka polepole, nati ikazunguka. Akaichomoa spana, akaliinua bomba, akaipachika upya, likashuka tena. Alipoliinua mara nyingine, kifuko kikaning'inia palepale, hakikushuka hata kidogo. Ngwali akajikalia chini.

Baraza zima likashika pumzi, maana kikombe cha Sultani kilikuwa bado kimejaa.

"Mtovu wa adabu we!" akafoka Waziri. "Maulana hajasema basi!"

"Mheshimiwa Waziri, mimi sikuwa nikikaza. Anayekaza ni mchele. Uamrishe uendelee."

Naye Waziri, kwa kuwa desturi ni desturi, akakiinamia kifuko mbele za watu, akasema kwa sauti kuu, "Endelea!" Kifuko kimya.

"Mbona hauendelei?" akauliza Sultani.

"Maulana, nati imetosha," akasema Ngwali. "Hata askari wako hujua inapotosha, mikono yao huwaambia. Ila wao wanakuogopa, na mchele haukuogopi."

Sultani akamgeukia Waziri. "Nawe ulijua kwamba nati zinaharibika kwa kuzidishwa?"

"Nilijua, Maulana."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa ukinywa kahawa, Maulana."

Sultani akakitazama kikombe, haya zikamwingia. Kisha akaangua kicheko hata kahawa ikamwagikia kanzu. "Omba, Ngwali."

"Shemeji yangu arudi kwa mkewe."

"Afunguliwe sasa hivi. Na mchele huu ubaki hapa, ukalie mto wa Waziri, maana ndio mshauri wa kwanza kunieleza kweli."

"Unisamehe, Maulana," akasema Ngwali, akikifungua kifuko upesi. "Mke wangu ameshateleka maji. Tia mchanga, utakushauri vilevile."

Basi Mbaruku akarudi kwake, mtoto akazaliwa baba akiwa mlangoni. Na kule barazani kifuko cha mchanga kikawekwa juu ya mto wa Waziri, naye Waziri akahamia kwenye mkeka. Kila asubuhi akiingia hukiinamia, hukiambia shikamoo, kisha husubiri kuitikiwa ndipo aketi.