Mto Ulionyooka

Fungeni Biblia kidogo, niwape habari ya mtu mmoja. Alikuwa ofisa mazingira, msomi, kazi yake kupanga wapi watu wakae na wapi ipandwe miti. Ofisini kwake kulijaa ramani za zamani za karatasi, zile zenye mistari mingi ya kuonyesha milima na mabonde. Kuzisoma zote kungemmalizia ujana. Basi akaletewa programu ya kompyuta iliyofundishwa kusoma ramani za namna hiyo. Unaipiga ramani picha, unaipa, nayo inakuambia: hapa mteremko, hapa mto, hapa pasijengwe. Kazi ya mwaka ikaisha kwa wiki moja. Kitu kizuri, mimi sina ugomvi nacho.

Sasa, kwenye ramani moja kompyuta ikaonyesha mto umenyooka kama rula, unapita pembezoni mwa kitongoji. Ninyi mmewahi kuona mto wa hivyo? Ofisa hakujiuliza. Sheria inataka mita sitini kutoka mtoni pasiwe na nyumba, na ndani ya mita hizo ilikuwamo moja tu, ya mama mjane aliyeijenga kwa miaka kumi na moja kwa kuuza maandazi.

Ofisa akaenda na kopo la rangi nyekundu.

“Shikamoo, mama. Nyumba hii iko mtoni, itabomolewa.”

“Marahaba, baba. Mto upi? Mimi maji nateka kitongoji cha pili. Nionyeshe huo mto nipumzike.”

“Ni wa msimu, mama. Huwezi kuuona sasa.”

“Masika zote nimekuwa hapa!”

“Mama, kompyuta imesoma maelfu ya ramani. Wewe umesoma ngapi?”

“Hata moja, baba. Ila hapa ndipo ninapoishi.”

Akachora X ukutani. Siku ya tisa, nyumba ikawa kifusi.

Mwezi uliofuata ofisa alikuwa anarudisha ramani kabatini. Akaikunja, nayo ikakunjika yenyewe palepale kwenye mto. Akaikunjua, akaikunja tena. Lahaula! Ule haukuwa mto. Ulikuwa mkunjo ulioshika uchafu, na aliyeikunja ramani hiyo kabla haijapigwa picha, ili iingie kwenye begi lake, ni yeye mwenyewe.

Akafanya nini? Barua ya mistari miwili ingetosha. Akafunga kabati, akaenda kunywa chai.

Nawaona mnatikisa vichwa. Wengine mnailaumu kompyuta. Jamani, kompyuta ilisoma ilichopewa. Na kukosea, kila mtu anakosea, hata mimi ninayewahubiria. Mimi nauliza kuhusu ile dakika ya kufunga kabati. Sisi tumeipitia mara ngapi? Uligundua kwamba yule dada uliyemtangaza mtaani hakuiba. Uligundua kwamba kijana uliyemfukuza kazi alikuwa anasema kweli. Ukajua, peke yako, ukanyamaza, maana ungeaibika.

Yule mama sasa anakaa chumba kimoja na mdogo wake. Kila akipiga magoti anamwuliza Mungu amekosa nini. Anauliza kwa machozi, na sisi tunamwitikia amina.

Wapendwa, Mungu hajamficha jibu. Unalo wewe uliyefunga kabati. Kabla hujala chakula cha mchana leo, mpelekee.